Tanzia Isiyo na Tarehe

Mjukuu wangu Kemunto,

Hapa Kiogoro hatujambo, na nyanya yako anakusalimia sana. Wewe na maswali yako! Kwa nini data ikae faili moja na mwonekano faili nyingine?

Ujanani nilitengeneza kurasa za tanzia kwenye wavuti, mjini Kisii. Siku moja nilijaribu kiolezo kipya cha tanzia, yaani faili ya mwonekano, kwa faili ya XML, ya data tupu, ya mamangu, niliyokuwa nimeiandika kwa ajili ya ukurasa wa ukoo. Sikubadilisha hata neno. Jina lilelile, watoto walewale, ila sasa alikuwa ndani ya fremu nyeusi.

Nikageuka. Mama alikuwa nyuma yangu, ameniletea chakula.

"Mbona hujaweka tarehe?" akauliza.

Kiolezo nilikifuta papo hapo. Faili haikupungua kitu. Ilibaki ikingoja mstari mmoja.

Babu yako