Ndizi Kwenye Kabati la Maua

Uholanzi, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama waitu. Dada Koku akikusomea barua hii, asiruke neno hata kama ni baya. Mgongo wako vipi? Na kahawa, mmepata mtu wa kuichuma au inakaukia mitini? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sina.

Habari za kifo cha baba, Tata wetu, zilinikuta kazini. Nilikwisha kukueleza kwamba kazi yangu huku ni kuangalia maua yanavyozeeka, ukasema Serikali imepoteza nauli. Maua yenyewe yanaitwa okidi. Kila asubuhi nakata petali, nazisaga kwenye kinu kidogo kilichokaa juu ya barafu, kisha napima protini iliyobaki, ile ile ya maharage mnayohubiriwa kliniki. Ua likizeeka huvunja protini zake lenyewe na kuzipeleka chini, kunakokaa mbegu. Petali inabaki ngozi tupu, inavuja maji, inakunjamana. Mama, mimi hapo namwona Tata. Alijinyima na kukauka hivyo hivyo kwa ajili ya shule yangu, na sikumzika.

Huku hakuna anayejua kulia msiba. Wenzangu walinipa pole, wakarudi kwenye darubini zao. Basi nikanunua ndizi mbichi sokoni, nikasema nitaziivisha, nizikamue kama tunavyokamua za pombe ya matanga, nimmwagie Tata kidogo. Padri asisikie. Chumba changu kina baridi kali, kwa hiyo nikazifunika kwa koti na kuzificha ndani ya kabati la joto tunamotunzia maua, kama nyumbani tunavyozifukia shimoni.

Ziliiva vizuri sana, na maua yote yakafa. Nani kwetu asiyejua kwamba ndizi moja iliyoiva huziharakisha nyingine? Kumbe hewa hiyo hiyo inayotoka kwenye ndizi hulizeesha na ua. Yale yaliyokuwa yakae wiki nyingi yalisinyaa kwa pamoja, na kazi yangu yote ikaharibika. Profesa alilivuta koti, akaona. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini uweke chakula humu?" Nikamjibu ni kwa ajili ya baba yangu. Hakuelewa, na Kiingereza kikaniishia. Akaifuta ruhusa aliyokuwa amenipa ya kuja nyumbani kwa matanga, mpaka maua mapya yachanue na yazeeke yote. Nikiondoka kabla, masomo yamekwisha.

Sasa unaniandikia kwamba siku ya kumaliza matanga imekaribia, na kwamba Baba Mdogo Laurenti amesimama mbele ya ukoo akasema mrithi aliye Ulaya si mrithi. Eti kibanja cha migomba kisicho na mwanamume kitachukuliwa na kamati ya kijiji cha ujamaa, heri akirithi yeye, nawe urudi kwa kaka zako huko Rubafu. Nimekasirika mno. Migomba ile uliipanda wewe. Kaburi la Tata limo humo. Urudi Rubafu kufanya nini na uzee huo, kulala jikoni kwa wifi?

Tata aliniagiza nisirudi bila cheti, na neno hilo limenitesa. Lakini Tata amekwenda, wewe ungali hai. Nimemwambia profesa naondoka. Vitabu nimeuza, meli ya Mombasa nimepata. Barua hii inakuja kwa ndege, itakufikia kabla yangu. Siku yenyewe ya kumaliza matanga sitaiwahi.

Nisalimie Shangazi aliyemuuguza Tata, na katekista aliyemwombea. Balozi wetu wa nyumba kumi mwambie namwomba aje siku hiyo, awe shahidi.

Na wewe, Mama, nisikilize. Watakapokileta kiti cha Tata ili wamkalishe Baba Mdogo awe mrithi, kikalie wewe. Najua mwanamke hakikalii. Watapiga kelele, watakuita mchawi. Kaa hapo hapo, usiinuke mpaka nifike.

Mwanao,
Projestus