Siku Tisini za Mjomba Wako Barazani

Nyumba ya Marehemu Miraji,
Mabawa, Tanga.
16 Julai 2024.

Mpendwa mpwa wangu Haji,

Assalamu alaykum. Shikamoo zako unazompa mama yako aniletee kila Ijumaa zote zimefika, na leo naziitikia kwa mkupuo mmoja: marahaba, mwanangu. Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Nasikia miezi hii huko Salalah ni manyunyu na ukungu, na watu wanatoka Maskati kuja kupoa. Vaa kitu kizito, usijifanye bado uko Tanga.

Sisi hatujambo. Mama yako hajaondoka hapa kwangu tangu msiba. Ananipikia, ananifulia, na ananisema kutwa. Goti lake limepata nafuu. Eda yangu imebakisha mwezi na siku chache.

Najua umenipigia simu mara tano na sikupokea hata moja. Si kweli kwamba kila mara nilikuwa naswali, kama mama yako alivyokudanganya. Sikutaka tu. Mdomo wangu unaujua: ningeanza kwa kukusema, kisha ningelia, na wewe ungebaki umeshika simu hujui la kufanya. Nimeona heri niandike, Kombo akuletee mkononi atakaporudi kazini huko kwenu Alhamisi.

Kisa chenyewe ni gemu. Cheka kwanza, umalize, halafu uendelee kusoma.

Mjomba wako alipokatwa vidole vya mguu kwa sababu ya sukari, akawa hatoki, alijifunza gemu moja ya kwenye simu ambayo sisi tuliita Kisiwani. Kila mchezaji ana nyumba yake, shamba lake na mifugo, na majirani ni watu wa kweli walioko Tanga, Mombasa, Unguja, popote. Baadaye nami nikaingia. Nyumba zetu zilipakana. Mtu akifunga simu, yule mtu wake wa ndani ya gemu hukaa barazani akasinzia mpaka mwenyewe arudi. Mara ya mwisho mjomba wako alicheza siku mbili kabla ya kufariki, na alikuwa amekuja kwangu. Kwa hiyo aliachwa pale, barazani kwangu, na kofia yake, kichwa kimeinama.

Basi tangu nikae eda, huko ndiko nilikokuwa natoka. Asubuhi nikishamaliza uradi wangu nafungua simu, namsalimia pale barazani, namwagilia bamia zake na zangu. Mama yako alikuwa akinipita na ufagio. "Eda gani hii, wifi yangu? Mtu amejifungia nyumbani, halafu anazurura kisiwani na wanaume asiowajua!" Namjibu wanaume wenyewe ni wa katuni.

Jumatatu ya juma lililopita likaja toleo jipya la gemu, na pamoja nalo hitilafu: milango yote ya nyumba ikagoma kufunguka. Aliyekuwa ndani, ndani. Mimi nilikuwa ndani. Nikimtazama mjomba wako kupitia dirisha namwona mgongo tu. Mama yako alicheka hadi akakaa chini. "Sasa umefungiwa huko na huku. Eda imekamilika."

Ungeona grupu letu la wachezaji siku hiyo! Kuna binti mmoja wa Pongwe, Queen, Mkatoliki, mchangamfu sana, yeye alifungiwa chumbani na mbuzi kumi na saba, na kila saa anatuma picha mbuzi wamemsonga ukutani. Mmoja wa Mombasa akasema anawashtaki wenye gemu mahakamani. Mwingine akaapa kwamba ameifuta gemu na hatarudi milele, halafu kila nusu saa anauliza, "Jamani, imefunguka?" Wengine wakawalaumu Waunguja kwamba wamerundika nazi nyingi mno hadi kisiwa kimelemewa, na Waunguja nao hawakukubali. Matusi mengine siwezi kuyaandika kwa mkono nilioutilia udhu.

Wenye kampuni wakatoa tangazo: matengenezo ya dharura, saa sita. Zikaisha, wakasema kumi na mbili. Zikaisha, wakasema siku tatu, asanteni kwa subira yenu, na kila mchezaji atapewa kofia ya majani na mbegu za matikiti kama fidia. Watu waliposikia kofia ya majani ndipo walipochafuka kweli.

Mimi nilicheka nao hadi Jumatano. Jumatano likaja tangazo jingine. Ili kupunguza mzigo, mchezaji yeyote ambaye hajaingia kwa siku tisini ataondolewa Ijumaa saa sita mchana, yeye na nyumba yake, asipoingia kwenye ukurasa wa kampuni kubonyeza kwamba yupo. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalenda. Siku tisini za mjomba wako zilikuwa zinatimia Ijumaa hiyohiyo.

Ndiyo sababu nikakupigia Jumatano ile na kukuuliza simu yake iko wapi, maana wewe ndiye uliyepewa siku ya arobaini. Kuingia kwa jina lake kunataka namba za siri zinazotumwa kwenye laini yake. Ukaniambia umefuta kila kitu kilichokuwemo, na laini umeivunja. Nikakukatia simu.

Nikamtuma mama yako mjini akaulize kama laini inaweza kurudishwa. Akaambiwa laini iliyosajiliwa kwa kidole hurudishwa kwa kidole cha mwenyewe. Na kidole cha mwenyewe kiko chini ya mchanga. Alirudi ameshika goti, akaenda jikoni kuchambua mchele. Queen naye akaniandikia kampuni kwa Kiingereza, akawaeleza kwamba huyu si mzembe, huyu amekufa. Wakajibu palepale: asante kwa subira yako. Akaandika tena, jibu likawa lilelile. Haji, nilikaa kitandani nikashindwa hata kulia. Mlango wa nyumbani siwezi kutoka, mlango wa kisiwani haufunguki, na saa inakwenda.

Alhamisi alasiri waliifungua gemu kwa saa moja, kujaribu. Maneno yalikuwa yamezimwa, hakuna awezaye kumwandikia mwenzake, na milango ya waliofungiwa ilikuwa bado imegoma. Lakini waliokuwa nje waliweza kutembea. Queen alikuwa amekwishawapa habari kwenye grupu. Nikiwa dirishani nikawaona wanakuja. Wakakaa barazani kwangu mmojammoja, wengine chini uani, kama watu wanavyokaa matanga, wanaume nje na mfiwa ndani. Yule aliyetaka kwenda mahakamani alikuja na kofia yake ya majani, akaivua. Walikaa kimya kwa sababu hawakuwa na namna nyingine, na mimi nikasoma Fatiha huku chumbani. Moyo wangu ulitulia kidogo.

Halafu akaja mtu mmoja wa jina la Ua la Pangani.

Huyo sikukutajia kamwe, wala sikumtajia mtu. Mjomba wako alipokuwa hai alikuwa akiandikiana naye kwenye simu, anacheka peke yake, na nikikaribia anageuza simu kiunoni. Sikumuuliza. Nilijiambia mtu mgonjwa acha acheke. Basi Alhamisi huyo Ua la Pangani akaketi bega kwa bega na mjomba wako, na wenzake walipoondoka yeye hakuondoka. Alikaa mpaka saa ile moja ikaisha. Nami niko nyuma ya dirisha, siwezi kutoka, siwezi kuuliza.

Ijumaa adhana ilipolia, milango ikafunguka. Grupu zima likapiga vigelegele, mbuzi wa Queen wakamwagika njiani. Baraza yangu ilikuwa tupu. Ua la Pangani naye hajaonekana tangu siku hiyo. Anaweza kuwa mzee mwenzake wa kazini, anaweza kuwa mtoto wa shule. Simjui.

Sasa nikuambie nilichokuitia. Ulipojibu Jumatano kwamba ulifuta kila kitu, hukunikumbusha kwamba ni mimi niliyekuagiza. Kwa adabu yako ulinyamaza, na mimi nikakununia juma zima kwa kosa langu mwenyewe. Siku ya arobaini nilikuvuta pembeni nikakwambia, futa yote, vunja na laini, tumsitiri marehemu. Ukaona mkaza mjomba ana hekima. Haikuwa hekima, Haji. Ulikuwa wivu. Niliogopa ukiisoma simu ile utakuta la kunidhalilisha, na mama yako na ukoo mzima watajua kwamba nilichekwa. Nikaona bora ipotee. Ndivyo nilivyoufunga mlango ule kwa mkono wangu, nikaja kuwalaumu wenye gemu. Nisamehe, mwanangu.

Neno moja limebaki. Kama kabla ya kufuta ulifungua ukasoma, na ulichosoma ni kibaya, kaa nacho, usiniandikie. Kama hukuona kitu, niandikie unitoe wasiwasi.

Nimeisoma mistari hiyo mara mbili na nimeona nilichojifanyia. Usipoandika, nitakuwa nimejua. Ukiandika, nitasema unanisitiri, kwa sababu wewe ndiye Haji uliyenyamaza Jumatano. Kalamu ninayo mkononi na ningeweza kuifuta mistari hiyo. Sijaifuta. Hata hivyo niandikie.

Msalimie Idarusi mnayelala naye chumba kimoja, na umwambie kwamba mama yake nilimwona kupitia dirisha juzi, ni mzima. Mama yako anakusalimu na anataka picha yako ukiwa umevaa sweta. Queen pia anakusalimu ingawa hakujui. Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akuepushe na mabaya ya ugenini, na akurudishe kwetu salama na afya.

Ni mimi mkaza mjomba wako, nikupendaye hata ninapokununia,

Khadija