Mum na "me pesa" yangu

Kavata uko? Mum ananishuku vibaya, hata siamini.

Unajua vile nasomea ule mtihani wa fasihi ya Kihispania peke yangu hapa Nunguni, bila mwalimu. Leo nilikuwa nakariri shairi kwa sauti: "Me pesa, me pesa..."

Kumbe mum amesimama kwa mlango! "Ni nani huyo anakutumia M-Pesa, na mbona unanificha?"

M-Pesa, Kavata!! M-PESA!

Nikamwambia, "Mwaitu, hiyo ni Kihispania. Maana yake ni moyo wangu umelemewa."

Akaketi kwa kitanda yangu. Nikadhani imeisha.

Halafu akaniuliza polepole, "Na huyo kijana anakulemea moyo, anasali kanisa gani?"