Majani ya Rahma kwenye Kapu la Jenoveva

Mume wangu Nassoro,

Huku mvua inanyesha, maharage yamechanua. Nasema mimi, anaandika Latifa wa jirani.

Mama yako Rahma kaachishwa kazi ya kuchuma chai. Mchumaji mwenzake Jenoveva ana mimba kubwa, basi mama yako alikuwa akimtilia majani kapuni, kama tulivyotiliwa sisi tulipokuwa na mimba. Kompyuta yenu inayopima wachumaji ikasema Rahma mvivu. Msimamizi akaniambia, "Bibi, hata wanaoitunza huko Dar hawaibishii." Nikamwambia, "Anayeitunza ni mume wangu!" Akacheka.

Ibishie, baba. Kama huwezi, usimpigie mama yako. Kanikataza nisikwambie, na bado anawasimulia majirani kwamba mwanawe ndiye anayeitunza.

Ule, usikonde.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Mwanaisha, Mgwashi