Niliandika "Imesimama" Kila Siku, Sasa Tribinali Inahesabu

Da Sharifa, amahoro. Nakuandikia toka Kigwena, naomba unishauri kabla ya jumanne maana siku hiyo naitwa tribinali, mbele ya jaji, kuapa. Bwana wangu Idi ni fundi wa kuchomelea vyuma, alibuni mashine ya kukamua mawese yenye mulango pembeni, ikiharibika unafungua mulango unatengeneza bila kuibomoa yote, na serikali ilimupa breve, ile karatasi ya kusema ubunifu ni wake. Sasa amemushitaki Rachid, mutoto wa mama mudogo wangu, eti ameiga mulango ule, na Rachid anasema aliutoa kichwani mwake, na mimi ndiye niliyekuwa karani wa Rachid miaka miwili, mashine isipofanya kazi naandika kwenye kaye, lile daftari la kazi, "imesimama", na saa ya kuanza tena, basi. Idi aliponiuliza kaye iko wapi niliitoa mwenyewe kwenye sanduku, kumbe avoka wake, wakili wa kesi, ameipeleka kwa mutaalamu wa hesabu, akakuta kabla ya mulango ilisimama siku arubaini na saba kwa mwaka, baada ya mulango siku nane, na avoka anasema hiyo ndiyo dalili kwamba Rachid alichukua kitu cha Idi. Lakini mwaka ule wa kwanza mazutu, mafuta ya kuendeshea mashine, yalikosekana, mashine ilikuwa nzima, na siku zingine ngazi za michikichi za kukamua hazikuja, na siku tatu tulikuwa kwenye matanga, yote niliandika "imesimama", na baadaye Rachid aliweka mota ya umeme, mazutu hayahitaji tena. Nikisema, Idi ataona nimechagua ndugu. Nikinyamaza, Rachid atafungiwa mashine na watoto wake watano wanakula hapo. Moyo wangu nao umesimama. Murakoze.
Hadjara

Hadjara, pole, na usinune nikikugombeza. Neno moja kwa mambo manne, kwa nini? Na kaye ilikuwa ya Rachid, wewe ukaitoa kama kitenge chako. Kwa hilo utamwomba msamaha.

Bado hujadanganya. Jumanne ukiapa kwamba siku zote zile mashine ilikuwa mbovu, hapo utakuwa umedanganya, tena vibaya, maana Rumonge nzima ilipanga foleni na mabido yake matupu kutafuta mazutu. Unadhani jaji hakupanga?

Usiguse kaye hata nukta. Omba avoka fotokopi, na mbele ya kila siku andika sababu: pane, yaani mashine yenyewe kuharibika, mazutu, ngazi, matanga. Usiyoikumbuka andika "sikumbuki". Halafu avoka na mtaalamu wahesabu upya siku za pane peke yake, na saa za kutengeneza. Mlango wa Idi hauleti mazutu, unafupisha matengenezo. Kama zamani fundi alishinda kutwa na sasa anamaliza kwa nusu saa, Idi ana la kusema. Kama sivyo, heri ajue mapema.

Mwambie Idi leo, wewe mwenyewe, akishakula. Atakasirika. Akasirike nyumbani kuliko kulisikia mara ya kwanza mbele ya jaji. Mwambie hutaki aitwe mwongo huku breve iko mkononi mwake.

Na huo moyo uliosimama, uandikie sababu pia. Si pane, Hadjara. Uko mzima, unasubiri ufungue mdomo.