Sindano Nisizozisikia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Yule mdogo kikohozi kimemwachia? Mimi ukiniona utasema ni mzima: nakula, naenda kazini, nacheka na watu. Lakini nakuandikia nikiwa na hofu ambayo nimeshindwa kuimeza.

Unakumbuka nilikuambia kwamba bega la kulia lilikaza tangu tulipohamishia masjala ghorofa ya juu, tukabeba majalada yote kwa mikono. Maumivu yalishuka hadi kiwikoni; nikiitwa, nilikuwa nageuka mwili mzima kama kabati linalosukumwa. Mkuu wa masjala akanituma kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mpole anayetibu kwa sindano kavu. Alinieleza kwamba hazina dawa yoyote ndani. Ni nyembamba kama unywele, naye huzichoma kwenye fundo la msuli mpaka msuli uruke wenyewe, kisha ulegee. Mara ya kwanza uliruka kweli, dada. Nilipiga ukelele, yule mama akacheka, akaniambia, pole mwanangu, hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Ofisini wakaniita Nungunungu. Tarishi kila akinipita hujibanza ukutani, akiniomba nisimchome, ana watoto wanaomtegemea. Nilicheka nao kwa sababu maumivu yalikuwa yanapungua, na baadaye yakaisha kabisa. Nilimpigia mama yetu simu. Akapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Kumbe maumivu hayakuondoka peke yake. Juzi nilikuwa nabana karatasi kwa stepla, nikaona damu kwenye jalada. Nikamuuliza mwenzangu wa meza ya pili kama amejikata. Akanitazama kama mtu aliyeona mwendawazimu, akaninyanyulia kidole changu mwenyewe. Pini ilikuwa imezama ndani, nami nimekaa namtafuta aliyeumia. Tarishi alikuwapo. Siku hiyo hakutania.

Sasa nakuambia lile ambalo sijamwambia mtu. Sindano zile sizisikii tena. Pale kitandani nalala kifudifudi, uso nimeugeuzia kabati la vioo, na ndani ya kioo nauona mkono wa yule mama. Ukishuka tu, naguna na kukunja uso. Akiniuliza kama nimeisikia, nasema, hapo hapo, mama. Anashangaa kwamba msuli hauruki kama zamani, lakini kwa kuwa nalalamika anaamini tuko njiani, anaendelea kuchoma.

Utaniuliza, na kusoma kote kule? Najua, dada, mficha maradhi kilio humfichua. Ila nikisema sisikii, atanipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na huko naogopa kutajiwa ugonjwa wa baba. Baba alipoanza kuugua mimi nilikuwa shule ya bweni. Niliporudi likizo, mkono wake wa kusukumia randa ya useremala ulikuwa umeshalala mapajani kama kitu cha kuazima, na hakuna aliyenieleza ulifikaje pale. Wewe ulimuuguza tangu mwanzo. Naye alianzia begani? Naye maumivu yaliisha kwanza, mkashangilia?

Usinijibu kwa simu. Nitakusikia sauti ikitetemeka nami nitakata. Njoo. Alhamisi asubuhi narudi kwa yule mama. Nimejaribu kuyasema maneno yale, kwamba sisikii, nikiwa peke yangu chumbani, na hata humo ulimi umegoma.

Nisalimie shemeji sana, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja. Mama usimwambie lolote kwanza, mwache na furaha yake.

Ukifika, omba kuketi ndani, karibu na kitanda. Mama yule akichoma, ukaniona nimeshtuka, mwambie ninamdanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba