Chupa ya Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi wa saba tangu nitoke nyumbani. Leo nimetokea gazetini! Nimelala chali chini ya jukwaa lililovunjika, macho nimefumba, chupa mkononi. Juu yangu, herufi kubwa kama matofali: WAPAKA RANGI WALEVI WAANGUSHA JUKWAA. Chupa ni ya tapentaini, nilikuwa naosha brashi. Mbao zilikuwa zimeoza, kila mtu anajua. Gazeti tu ndilo halijui, maana mwenye jengo tulilokuwa tukilipaka ndiye anayelijaza matangazo.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kapiga simu. Baba mkwe, mtu ambaye hata soda huinusa kwanza, ameliona. Kasema alimwozesha binti yake kwa mpaka rangi, si kwa mlevi. Jumapili ya tarehe 16 anakuja kumchukua.
"Mimi nakuamini," mke wangu kasema. "Lakini ile chupa, baba watoto?"
Sikula.

Alhamisi, 6 Machi
Tumekwenda kwa mhariri, mimi na Kijiko, mwenzangu wa brashi. Mpole, katuita waheshimiwa. Marekebisho yatatoka, kasema. Kijiko kamwuliza: ukurasa wa kwanza? Mhariri kacheka mpaka kakohoa.

Jumamosi, 8 Machi
Yametoka. Ukurasa wa kumi na tisa, chini ya tangazo la mbuzi aliyepotea. Chupa ilikuwa ya tapentaini, si ya pombe. Basi. Habari ya mbao, hakuna.
Mke wangu kamsomea baba yake. Mzee kashika kichwa: "Kumbe amefikia kunywa tapentaini!"
Kijiko kacheka mpaka kakalia kopo la rangi. Rafiki gani huyu.

Jumanne, 11 Machi
Mungu hamtupi mja wake. Msimamizi wetu kapata kazi: kupaka ukuta wa ofisi ya gazeti, ule unaotazama barabara. Mhariri kasafiri. Kijiko kanitazama. Nami nikamtazama.

Alhamisi, 13 Machi
Ukuta mzima, herufi nyekundu za kimo cha mtu: HAWAKULEWA. MBAO ZILIOZA. Watu wanasimama, wanasoma bure.
Nimepiga picha, nimemtumia mzee. Jibu kaleta mke wangu kwa simu, anajizuia kucheka: picha ndiyo iliyotufikisha hapa, baba hataki nyingine. Anataka nisimame mbele yake nimpumulie usoni.
Msimamizi anatutafuta. Mhariri anarudi kesho. Kesho mimi niko njiani; nafika Jumamosi jioni, kabla ya mzee. Nimeoga mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Kijiko kaninusa, katikisa kichwa. Bado tapentaini.